Njia Kumi za Sauti ya Baba

Përmet,
Jumapili, 23 Februari

Kwako kaka yangu Pandeli,

Pokea salamu zangu, wewe na Rosalba na binti yenu Miriana. Natumaini kile kikohozi cha mtoto ulichonieleza kwenye simu kimepungua na kwamba anakwenda shule kama kawaida. Mimi sijambo. Mvua haijakatika tangu wiki ya juzi, paa la chumba cha nyuma linavuja palepale panapovuja siku zote, na nimeweka beseni.

Arobaini ya Baba tuliifanya Jumanne. Nilichemsha ngano, nikatia kokwa za jozi na sukari kama Mama alivyokuwa akifanya, padri akasoma, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Jirani yetu Viktori alibaki kunisaidia mpaka chombo cha mwisho kikaoshwa. Wengi walikuulizia. Niliwaambia kazi haikukuruhusu kusafiri mara mbili ndani ya miezi miwili, nao wakaelewa.

Ujumbe wako kuhusu yule fundi wa huko Bari nimeupata. Unataka niifunge kompyuta kwenye blanketi nimpe dereva wa basi, ili huyo fundi ajaribu kuutoa wimbo wa Baba uliopotea umeme ulipokatika. Umeandika kwamba hata akipata nusu dakika tu, hata kama ni Baba anakohoa, itakutosha. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni na koti la mvua bado mwilini, na sikulivua kwa muda mrefu. Ndiyo maana nimeandika barua badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenifariji tena kama ulivyonifariji siku ya mazishi, na mimi ningenyamaza tena.

Nianze mwanzo, maana mengi hukuyaona.

Unajua wenzake Baba walivyokwisha. Kundi lao lilikuwa la watu sita. Petraq alitangulia, wakafuata wale ndugu wawili wa kinuni, kisha Stavri, na mwaka juzi Llazi, yule aliyekuwa akimpokea Baba kila wimbo, akaanguka bustanini kwake. Tangu hapo Baba hakuimba. Alikuwa akisema kuimba wimbo wetu peke yako ni sawa na kubeba jeneza peke yako. Septemba daktari aliniita pembeni akaniambia mapafu yake yanageuka makovu, kwamba pumzi itapungua mwezi hadi mwezi, na ikishapungua hairudi.

Shuleni tulikuwa tumerekodi kwaya ya darasa la tano, kwa hiyo nilijua kwamba kompyuta inaweza kupanga sauti ya mtu juu ya sauti yake mwenyewe. Nikamweleza Baba kwamba anaweza kuimba sehemu zote: aanzishe, ajipokee, kisha aweke na ule mvumo wa chini. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, “Kwa hiyo nitakuwa Petraq, nitakuwa Llazi, na bado nitakuwa mimi? Na raki ya wote hao atainywa nani?” Lakini kesho yake nilimkuta amenyoa ndevu na kuvaa ile fulana yake nyeusi ya sherehe, amekaa kitini, anasubiri.

Nikaenda kwa Bledar, yule mwenye duka la kompyuta karibu na daraja, nikanunua maikrofoni na kile kisanduku cha kuingizia sauti. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi yenye namba za kufungulia programu ya kurekodia, lile toleo dogo kabisa, bure. Bledar aliniambia hilo linanitosha. Lilikuwa na njia nane, yaani unaweza kurekodi sauti nane, kila moja ikakaa mahali pake, ukaipandisha au kuishusha bila kuzigusa nyingine. Nikamwambia nane hazitoshi. Mwanzishaji mmoja, mpokeaji mmoja, halafu mvumo hauwi mvumo usipokuwa na watu wengi. Nilihesabu kumi. Akaniangalia juu ya miwani akasema, “Mwalimu, huyo mzee ana mapafu mangapi? Unarekodi baba yako au unarekodi kanisa zima?”

Ningemsikiliza, Pandeli, leo ungekuwa na wimbo.

Badala yake nikaanza kusoma. Juu ya lile toleo dogo kulikuwa na la pili lenye njia kumi na sita, lakini halikuwa na kifaa cha kunyoosha sauti inayotetereka. La tatu lilikuwa na kila kitu na njia zisizo na kikomo, ila Bledar alisema kompyuta yangu imezeeka kuliko paka wake na huenda isilibebe. Halafu kulikuwa na programu za kampuni nyingine, nazo kila moja na watoto wake watatu, mdogo, wa kati na mkubwa. Nilichapisha majedwali ya kulinganisha nikayabandika ukutani jikoni. Niliweka alama kwa kalamu nyekundu. Niliwaandikia watu nisiowajua, nao kila mmoja akanishauri lile alilonalo yeye. Kila jioni nilikuwa nimeshaamua, na kila asubuhi nilikuwa nimeghairi.

Baba aliuliza kila siku, “Mashine imeshakubali?” Nami nilimjibu kwamba bado kidogo. Mwanzoni mwa Oktoba alikuwa bado anaweza kubeba ubeti mzima kwa pumzi moja. Mwishoni mwa Oktoba alipumua katikati. Novemba alikuwa akipumua baada ya kila maneno matatu, na ile fulana ya sherehe ilikuwa imemlegea mabegani. Viktori aliniambia waziwazi kwamba ninaogopa, kwamba nikishamrekodi nitakuwa nimekiri kuwa anakufa. Huenda alikuwa sahihi. Nilimwambia ashughulike na kuku wake.

Mwishowe nikapakua toleo la majaribio la ile kubwa. Lilikuwa na kila kitu ila jambo moja: halihifadhi. Bledar alinieleza vizuri, wala siwezi kusema sikujua. Alisema nirekodi, kisha niiache programu wazi bila kuifunga, nikishaamua nije nichukue namba, niziingize, na kila kilicho wazi kitahifadhika. Alinionya kwamba betri ya kompyuta yangu imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika kazi yote imekwenda. Kwa hiyo unaona ule uongo wangu wa umeme niliutoa wapi.

Ilikuwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, baada ya chakula cha mchana. Niliziba dirisha kwa blanketi. Tulianza na mvumo, yeye mara tatu, mimi mara tano, na kwa kuwa mvumo hauna maneno aliweza kupumua alipotaka nami nikamjazia. Kisha akaimba sehemu ya Llazi, na humo hata sikumtambua, alimwiga marehemu mpaka na ile tabia yake ya kuchelewa nusu hatua. Njia tisa. Ikabaki ya kumi, ya kuanzisha. Nilimvalisha tena vile visikio, nikamwambia aimbe ule wimbo wa zamani wa mchungaji wa kondoo kama tulivyokubaliana. Akaitikia kwa kichwa.

Hakuimba wa mchungaji. Aliimba maneno yake mwenyewe kwa mahadhi yaleyale, na neno la kwanza lilikuwa jina lako.

Pandeli, miaka kumi na saba Baba hakulitamka jina lako ndani ya nyumba hii. Tangu Mama alipokufa nawe ukiwa huko bila karatasi za ukaazi, ukashindwa kuja kumzika, alikuwa akisema “yule wa ng’ambo”. Ulipopata karatasi ukaja na sanduku la zawadi, alijifungia chumbani mpaka ukaondoka, na mimi ndiye niliyekusindikiza hadi kituoni. Wewe unayajua hayo. Usichokijua ni kwamba aliimba karibu dakika sita, na kwa mapafu yale dakika sita ni kupanda mlima ukiwa na gunia. Midomo ilimgeuka bluu. Nilitaka kumsimamisha, akanizuia kwa mkono. Alipomaliza akavua visikio, akalala juu ya mito, akasema, “Mpelekee.” Nikamwambia nitampelekea leo leo.

Umeme haukukatika. Haukukatika siku hiyo wala wiki hiyo.

Baba aliposinzia nikakaa palepale mbele ya kompyuta, nikavaa visikio, nikausikiliza wimbo wote mara moja. Sauti kumi. Tano kati ya hizo ni zangu, chini kabisa, zikilibeba jina la mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemwosha. Mimi ndiye niliyemkatia kucha za miguu, niliyemlisha supu kwa kijiko, niliyekataa kuolewa na mtu wa Korçë kwa sababu nani angebaki naye. Nilisikiliza mpaka mwisho nikisubiri, kama mtoto anayesubiri jina lake lisomwe darasani, na jina langu halikuwamo hata mara moja. Nikabofya kufunga. Programu ikanionya kwamba kazi haijahifadhiwa, ikaniuliza kama nina hakika. Nikabofya ndiyo. Kisha nikaosha vyungu.

Nataka uamini kwamba nilidhani ataimba tena. Nilijiambia kesho nitamwambia kifaa kimekosea, tutarudia, na safari hii aimbe ule wa mchungaji. Kesho yake hakuweza hata kusema sentensi bila kupumzika. Hakuimba tena. Ile karatasi ya toleo dogo, la bure, lenye njia nane na linalohifadhi, ilikuwa bado ndani ya boksi juu ya friji.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimefanya ubaya wa dakika moja, na pengine ningeweza kuishi nao. Lakini Baba alianza kuuliza kama umejibu. Aliuliza asubuhi nikimpa chai ya mlimani, akauliza mchana. Ningeweza kukupigia simu. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, namba yako iko ya kwanza. Ungepanda meli usiku uleule, nakujua. Lakini ukija ungemwuliza kuhusu wimbo, naye angekuuliza, na mimi ningesimama kati yenu nikiwa uchi. Kwa hiyo kila alipouliza nilimwambia bado, Baba, hajajibu. Wiki ya kwanza alisema huenda una kazi nyingi. Wiki ya pili aliuliza kama nina hakika umeupata, nikamwambia umeupata. Baada ya Noeli akasema, “Ana haki yake. Nami nilimfanyia hivyohivyo.” Hakuuliza tena. Alikufa tarehe tisa Januari akiamini kwamba ulimsikia ukanyamaza.

Na siku ya mazishi uliponisogelea kwenye lango la makaburi, ukaniuliza kwa sauti ndogo kama Baba alisema chochote juu yako, nilikuambia hapana, alikuwa amechoka. Ukanikumbatia. Ukasema pole, dada, wewe ndiye uliyebeba yote.

Usiitume tena habari ya fundi. Hakuna cha kufufua, kilichokuwamo hakikuandikwa popote. Nimebaki na ninachokikumbuka tu, na nakumbuka kila neno, kwa kuwa kila siku maneno yanarudi yenyewe. Nakuandikia yote, bila kupunguza:

Pandeli, mlango niliufunga mimi,
na kwa ndani ndiko kulikokuwa na baridi.
Mama yako aliniambia usije,
aliogopa hawatakuruhusu kurudi kwenye mkate wako.
Alisema mwambie nimemruhusu,
nami sikukuambia.
Nilitaka mtu wa kumkasirikia
na Mungu yuko mbali, wewe ulikuwa karibu zaidi.
Pandeli, mtoto wako sijui anaitwa nani.
Mfundishe kunitukana kidogo, kisha anisamehe.

Ndivyo alivyoimba. Baada ya mstari wa kuhusu mtoto alivuta pumzi mara kadhaa, nikadhani amemaliza, kisha ndipo akaumalizia wa mwisho.

Unaona kwamba Mama hakukulaumu. Baba alijua tangu siku ile, na sasa unajua wewe. Yeye alikunyima maneno hayo mara ya kwanza, na aliyewanyima ninyi wawili mara ya pili ni mimi, ambaye sikuwa hata na kosa la kulipizia, maana wewe hujawahi kunifanyia baya lolote.

Sikuombi unijibu. Ulisema utakuja Pasaka na Rosalba na mtoto. Nyumba ni yako kama ilivyo yangu, na kaburi la Baba linahitaji mwanawe aliwekee msalaba wa kudumu. Ufunguo nimemwachia Viktori. Kama hutaki kunikuta, mwambie yeye siku mtakayofika, nami nitakwenda kwa shangazi huko Leskovik mpaka mtakapoondoka. Shuka safi ziko kwenye kabati la chumba cha mbele, na beseni la chumba cha nyuma limwagwe kila asubuhi kama bado mvua inanyesha.

Msalimie Rosalba. Mbusu Miriana, na umwambie babu yake aliulizia jina lake.

Ni mimi dada yako,
Urani