Kibanio cha mrija wa baba mkwe

Minaz, uko hewani? Usinipigie, niko koridoni hospitali, nakuandikia tu.

Leo nimemleta baba mkwe kusafishwa damu. Unajua tangu Jumatatu anasema hii ndiyo mara ya mwisho, anarudi zake Busisi kwa ng'ombe wake.

Tumekaa vizuri saa nzima. Mara mashine ikaanza kulia, taa nyekundu. Nesi Selina akaja mbio, akaufuata mrija wa damu kwa kidole, akakuta kibanio kimefungwa. Kile cha plastiki kinachozuia damu isipite. Akakifungua, mashine ikanyamaza.

"Nani amegusa hiki?"

Baba mkwe akaninyooshea kidole. "Huyu."

Mimi, Minaz. Nilikuwa namenya chungwa.

Nesi akanieleza mbele ya wagonjwa wote kwamba damu ikisimama humo inaganda. Nikasema samahani. Ningesema nini, na huyu ni baba mkwe? Nimeomba samahani kwa kosa ambalo sijafanya.

Nesi alipoondoka nikamuuliza polepole, "Baba, ni wewe umefunga?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kila nikilala hapa nawaza, hii mashine ikiharibika nikiwa nimesinzia, nani atajua? Nilitaka kuona kama kuna mtu atakuja."



Akamtazama nesi kwa mbali, akasema, "Mtoto wa watu amekuja mbio mpaka kiatu kimemvuka. Ijumaa unilete tena."