Kanga za Kufunga Viunoni

Jumamosi, 11 Julai 1998

Na bado naona mpango wangu ulikuwa mzuri. Kule milimani kusini kwenye theluji ya Julai, tunakokwenda kuteleza kwa skii, tufungane kanga viunoni, mimi na watoto wote watatu, asipotee mtu.

Shemeji Hamisi, atakayetuendesha Ijumaa, alikuja kuangalia mizigo akazikuta kanga juu ya begi. "Eish, shemeji. Akiteleza mmoja, unateleza ukoo mzima." Mapacha wakajiangusha sebuleni kumwonyesha itakavyokuwa. Wana miaka sita, hawajawahi kuona theluji, na wameshaamua kwamba ni tamu.

Rehema peke yake hakucheka. "Mama, mimi kuteleza najua. Baba alinifundisha. Nataka mteremko wa juu."

Nikamwambia hapana, utakaa chini na sisi tunaoanza. Akaenda kuosha vyombo bila kutumwa. Marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo. Akikasirika, anasafisha.

Mteremko wenyewe siuogopi sana. Naogopa kumwona Rehema akishuka, na nyuma yake hakuna sauti ya baba yake ikimwambia, "Kunja magoti, mwanangu." Hii ni safari ya kwanza tangu tumzike, na...

Jioni nilimpelekea glavu za baba yake. Zinampwaya, lakini zina joto. Nikamwambia apande huko juu, mimi nitakuwa chini na mapacha, nikianguka.

Akazivaa, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kunja magoti, mama."

Kanga nimezirudisha kabatini.