Mgongo wa Mzee Optatus

Mikumi, 4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila darasa langu la yoga limedoda. Wiki ya tatu najinyoosha peke yangu ukumbini. Nimebandika matangazo kila gesti. Madereva wa malori wanacheka, akina mama wanasema ni mambo ya mapepo. Nisipopata watu hadi Pasaka, mwenye ukumbi anamweka fundi cherehani.

Sasa usikasirike. Watu wa hapa wanaamini ushuhuda, kama kanisani. Nimeweka picha yako ya harusi ya dada Magreti, nikaandika: “Kazi ya reli ilimpinda baba yangu. Yoga imemnyoosha.” Nisamehe.

Binti yako,
Editha

Kidete, 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, namshukuru Mungu, ila mgongo ni uleule; chooni naenda kwa fimbo. We mtoto una kichaa! Hiyo yoga hata sijawahi kuiona. Futa uongo huo. Na ukileta watu usiniambie, nisije nikafurahi.

Baba yako

Mikumi, 11 Machi

Baba,

Shikamoo, za huko? Wamekuja! Kumi na mmoja! Amewaleta mama Gaudiosa, muuza mahindi ya kuchoma, naye mgongo unamtesa. Anasema alikuja Kidete kuhakikisha, akakuona umebeba ndoo ya maji begani. Kumbe umepona, hukuniambia! Nimelia kwa furaha. Pasaka wote wanakuja kukuona.

Editha

Kidete, 26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Anayeniandikia ni jirani Urbanus, mimi kukaa siwezi. Yule mama aliniuliza kama ndimi wa kwenye tangazo. Ningejibu nini? Fimbo nikaitupa nyuma ya banda, nikabeba ndoo. Alipoondoka tu nikaanguka. Hospitali wamesema nisitegemee kutembea tena.

Waambie nimesafiri. Na wewe usije, darasa lisije likafungwa. Niambie tu, mgongo wa huyo mama unapata nafuu?

Baba yako

Mikumi, 29 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Haujapata nafuu. Jana alishindwa kuinuka mkekani, tukamnyanyua watu watatu. Nikawaambia ukweli wote. Wengine waliondoka wakinitukana. Yeye akabaki, akasema ninadanganya, kwa sababu wewe alikuona kwa macho yake.

Funguo za ukumbi nimerudisha. Nakuja kesho, hata ukinikataza.

Mwanao,
Editha