Sukari Niliyompa Zuhura kwa Mkono Wangu

Bagamoyo, Jumanne, Februari 1974. Joto limekaza, kalamu inateleza kwa jasho.

Daftari langu, leo nimempa Zuhura sukari. Vijiko viwili, kwa mkono huuhuu niliouinua mbele za watu nikaapa kuwa haijapita sukari hapa. Na sukari yenyewe nimeiomba kwa wifi yangu Mize.

Nina hasira, na sijui nianzie kwa nani.

Acha niandike. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la kina mama, na mwalimu alisema mwandiko wangu ndio ulionyooka kuliko wote.

Zuhura wangu ana miaka kumi na mitatu. Akisoma maulidi, wanawake wa mitaa mitatu huacha soga. Hesabu anawafundisha wavulana. Tangu mwaka jana ana ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi namchoma sindano mimi mwenyewe. Bomba la kioo nalichemsha, dawa naivuta mstari kwa mstari, mkono hautetemeki. Mkojo pia napima mimi: matone machache kwenye maji ya buluu ya kliniki, nachemsha kwenye jiko la mchina. Yakibaki buluu, sukari hakuna. Yakienda kijani, njano, chungwa, inapanda. Yakiwa mekundu kama tofali, kuna hatari.

Mwezi mzima ni tofali tu.

Tulikuwa kwenye mistari ishirini ya dawa. Kliniki wakasema ongeza, tukaenda ishirini na nne. Tofali. Ishirini na nane. Tofali. Tukafika arobaini, mtoto anakonda hadi mabega yametokeza, mtungi wa maji anaumaliza peke yake. Ndipo yule nesi, binti ambaye ningeweza kumzaa, akaniambia mbele ya foleni nzima: "Mama Zuhura, kipimo hiki kingemwangusha hata mbeba mizigo. Huyu mtoto unampa nini?"

Mbele ya foleni nzima! Mimi, niliyeacha kutia sukari hata kwenye chai yangu ili mwanangu asitamani! Sikuwa na kijiko cha sukari nyumbani. Na kabla jua halijatua, Mize alikuwa keshaeneza mtaani kuwa namlisha Zuhura halua chumbani, eti sivumilii machozi yake.

Ijumaa nilimfuata nesi nikamwambia, "Twende kwangu ukapekue. Ukikuta chembe ya sukari, nivue ushungi huu barabarani."

Akaja kweli. Alifungua makopo, akainama uvunguni. Mize naye shingo ndefu dirishani, nikamwita aingie tu ashuhudie. Hawakukuta kitu. Hapo nikavimba. Nikasema, sasa njooni muone dawa inavyotunzwa kwa heshima, nikafungua kasha la njumu aliloniachia bibi yangu. Chupa ilikuwa imelala katikati ya kanga zangu za thamani, ambazo kila Ijumaa asubuhi nazifukiza udi na kuzikunja zingali moto. Hata mkufu wangu wa dhahabu haukupewa mahali pazuri hivyo.

Nesi aliishika, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Akaiinua kwenye mwanga. Dawa inayotakiwa ing'ae kama maji ilikuwa na nyuzinyuzi.

"Mama, dawa umeifukiza," akasema taratibu. "Imekufa. Sisi tunaongeza mistari, kumbe tunaongeza maji."

Mize alicheka hadi akakaa sakafuni. "Wifi! Sindano ya mtoto inanukia kuliko bi harusi!"

Sikucheka. Walinifundisha kuchemsha bomba, walinifundisha rangi za mkojo. Nani aliniambia chupa ilale wapi? Mwezi mzima wananiuliza mtoto anakula nini, hakuna hata mmoja aliyeuliza dawa naiweka wapi! Nilimwambia nesi vivyo hivyo, na sauti sikuipunguza.

Akainamisha kichwa. "Hilo ni kosa letu, mama."

Ni kosa lenu, ndiyo. Na foleni haikuwepo kulisikia.

Chupa mpya inakaa kwenye kopo, kopo limezikwa kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi. Nesi alirudisha mistari ishirini, maana dawa isiyoharibika kwa ile mistari arobaini ingemwangusha mtoto siku hiyohiyo. Tupime siku tatu, akasema. Ikibaki juu tuongeze miwili, isizidi.

Jumapili ilitoka chungwa. Jana njano. Inashuka, kila mwenye macho angeona inashuka. Lakini mimi nilitaka buluu. Nilitaka niibebe ile buluu hadi barazani kwa Mize. Leo asubuhi, bila kumuuliza mtu, nikavuta ishirini na nane.

Hapo hasira yangu inakosa mtu mwingine wa kumwangukia.

Kabla ya adhuhuri Zuhura alikuwa uani akipepeta mchele. Ungo ukamponyoka. Jasho la baridi, midomo inatetemeka, ananiita shangazi. Nesi alikuwa amenionya: ukiona hivyo, sukari upesi. Sukari ipi? Nyumba nzima haina! Nikapiga ukelele ukavuka ukuta: "Mize! Wifi, sukari!"

Hakuuliza. Alikuja mbio, kichwa wazi, kopo mkononi. Tukakoroga kwenye maji, yeye kamshika kichwa, mimi namnywesha taratibu, huku nahesabu mafunda yake moja moja.

Mtoto akafumbua macho vizuri, akatutazama. "Mama, mbona mnalia wote wawili?"

Mize akajifuta kwa upindo wa kanga. Akaangalia rafu zangu, makopo yamefunuliwa, matupu.

"Wifi, kumbe kweli huna sukari ndani. Ijumaa nilidhani umeificha."

"Nilikwambia!" nikamjibu. Kwa sauti, na kamasi zinanitoka.

Kesho ni mistari ishirini, wala sitaongeza hata nusu ya mstari bila kuuliza. Nitakwenda kliniki nimwambie nesi nilichofanya, mbele ya foleni ileile, kwa mdomo wangu, kabla Mize hajanisaidia kusema.

Kopo lake sikumrudishia. Nimeliweka kwenye kasha, katikati ya kanga, palepale ilipokuwa dawa. Atakayekuja kupekua safari hii ataikuta sukari.