Koweni Asimulie Mwenyewe

Kangemi, 3 Machi 2024

Dada Ivyne,

Habari ya siku nyingi? Mimi, wifi yako Lornah na watoto tu wazima, Mungu ametubeba. Nakuandikia karatasi kwa sababu simu ulinifungia tangu tumzike Mama, miaka mitatu sasa. Mhariri wako pale mjini amekubali kukufikishia.

Nimesoma kitabu chako chote, kurasa mia nne za mazimwi na ngome. Kule Kenyatta Market ninakochoma nyama, vijana wanakisoma wakingoja kuhudumiwa. Jana mmoja alisema, "Huyu Jemadari Koweni akikufa, nyama ni juu yangu!" Wenzake wakapiga meza. Mimi nikaendelea kukata kachumbari.

Koweni anamtoa malkia mzee mikononi mwa waganga, anambeba kwenye baridi, malkia anafia njiani. Binti wa malkia, ambaye ndiye msimulizi, anasema alifanya hivyo ili arithi kiti.

Dada, Koweni ni mimi?

Kaka yako,
Bramwel


Kilimani, 12 Machi

Bramwel,

Barua imefika. Mimi ni mzima. Wasalimie watoto.

Ni hadithi ya kubuni. Lakini umeuliza, basi nitakujibu. Daktari alisema Mama asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mimi nikiwa Eldoret kwenye mtihani, ukatia sahihi, ukamtoa wodini, ukampeleka nyumbani. Siku ya tano nikapigiwa simu kwamba ameaga. Haikupita miezi miwili, ukahamia kwenye nyumba yake. Wewe ungeisimulia vipi?

Ivyne


Kangemi, 17 Machi

Dada Ivyne,

Hujambo? Huku hatujambo, mvua imeanza.

Ningeisimulia hivi. Mama alinishika mkono pale wodini akasema, "Bramwel, hii mashine inanimaliza. Nitoe hapa. Na Ivyne usimwambie, ataacha mtihani." Nikamwambia tumuulize daktari kwanza. Akasema, "Nani alikuzaa, daktari?" Nikatia sahihi. Nyumba tulihamia kwa sababu matanga yalipoisha hakuna mwingine aliyetaka kulala humo.

Msimulizi wako anasema aliyaona yote kwa macho yake. Wewe hukuwepo.

Kaka yako,
Bramwel


Kilimani, 2 Septemba

Kaka yangu,

Habari zenu? Watoto wamefungua shule salama?

Nisamehe kwa kunyamaza miezi mitano. Kila nilipotaka kukujibu nilimsikia Mama akisema, "Nani alikuzaa, daktari?" Ni yeye kabisa. Hakuna mtu angeweza kumtungia maneno hayo.

Nimeandika kitabu cha pili. Safari hii Koweni anasimulia mwenyewe: malkia ndiye aliyemwomba, naye akaitunza siri huku nchi nzima ikimtukana. Mhariri alilia. Nakutumia nakala kabla haijapigwa chapa mwisho wa mwezi. Hao vijana wako watamwomba Koweni msamaha.

Dada yako,
Ivyne


Kangemi, 8 Septemba

Dada yangu,

Salamu nyingi. Lornah anakusalimu pia. Nimekisoma mara mbili. Tafadhali usikipeleke.

Niliyokwambia ni kweli, lakini nilikomea mahali paliponifaa. Siku ya tatu Mama alisema, "Bramwel, nirudishe hospitali. Naogopa." Nikamjibu, "Kesho, Mama." Gari lilikuwepo, la jirani yetu Wesonga lilikuwa hapo nje, na asingeninyima. Nilikuwa nimechoka, Ivyne. Kumbeba, kumwosha, kusikiliza akitafuta pumzi. Kesho yake hakuomba tena, na mimi sikumuuliza.

Sikutaka afe. Lakini nilichokitaka saa ile sikijui hadi leo. Hata Lornah sijawahi kumwambia.

Kitabu cha kwanza kilinisingizia ubaya. Hiki kinanisingizia wema, na huu ni mzigo mzito zaidi.

Kaka yako,
Bramwel


Kilimani, 30 Novemba

Kaka Bramwel,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Afya ninayo, usingizi ndio haba.

Kitabu nilikizuia. Mhariri amekasirika, anataka kujua kama Koweni ni mtu mwema au mbaya. Nimemwambia sijui, na kwamba anayedhani anajua asinishauri.

Barua yako niliisoma nikaitupa chini ya kitanda. Wiki nyingi sikutaka kusikia jina lako. Nilitamani ungekaa kimya, uniachie yule Koweni wa kulilia. Kisha nikaanza kuwaza: mimi sikuwahi kumwambia Mama "kesho" kwa sababu sikuwa karibu aniombe kitu. Nilikupa hukumu nikiwa mbali, halafu nikakupa utukufu nikiwa mbali vilevile.

Sijui kama nimekusamehe. Sitakudanganya.

Jumamosi ijayo nitakuja Kangemi. Bado hujanisimulia siku ya nne, wala asubuhi ya tano. Nataka kuzisikia kutoka kinywani mwako, na ukifika pagumu usiruke. Kalamu nitaiacha nyumbani.

Mdogo wako,
Ivyne