Mswada Ulioingia Grupu la Wapangaji

Victoire, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Ile riwaya yangu ya kutisha niliyomaliza jana, nilitaka kukutumia wewe. Nikaituma kwenye grupu la wapangaji. Grupu la wapangaji, dada! Mama Zaid mwenye nyumba yumo humo.

Na unajua jitu la kitabu changu ni nani. Mwenye nyumba anayemeza wapangaji wake. Sikubadilisha hata gauni lake la kijani!

Nikafuta, lakini alikuwa ameshafungua. Nikabeba mkoba nikimbilie kwako Kyebando. Nikamkuta amekaa getini, kufuli limefungwa, simu mkononi.

"Olivia, gauni langu nimeliona. Macho yamechoka kabla sijafika mwisho. Nisomee."

Nikasema nina haraka. Akasema, "Hutoki mpaka unisomee."

Nikasoma. Mbele yake, Victoire! Nikasoma wapangaji wanavyomfungia ndani na kuichoma nyumba. Filamu zote za mizimu tunazokesha nazo hazijawahi kunitetemesha hivyo.

Nilidhani atanifukuza. Akauliza polepole, "Hakuna hata mmoja aliyemlilia?"

Nikasema hakuna.

"Hata yule msichana wa chumba cha nyuma? Yule ambaye mwenye nyumba alimuuguza malaria, akampikia uji wiki nzima?"

Victoire, kwenye kitabu hakuna msichana kama huyo. Chumba cha nyuma ninakaa mimi.

Nimerudi ndani, nimejifungia. Yeye bado yuko pale getini, na mimi siwezi kupita mbele yake.