Sufuria ya Muthokoi na Malkia wa Upanga

Ngoliba, 2 Machi 2025

Wavinya, mwaitu, mama yangu mdogo,

Habari ya Gitothua? Mko wazima, na maji ya mfereji yanatoka? Mimi ni mzima isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Simu zangu hushiki tangu tumzike mama yako, kwa hivyo barua hii inakuja na Mutie, yule anayepeleka nyanya huko kwenu, juu ya makreti yake. Ikinuka, mlaumu yeye.

Kavindu, yule mjane wa Kithimani anayeimba kanisani akifunga macho, amekubali tuzeeke pamoja. Ana sharti moja. Hatagusa sufuria ya marehemu ya kupikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, mpaka wewe umpe kwa mkono wako. Anasema hawezi kupika ndani ya hasira ya mtu. Anakuja Jumamosi ya Pasaka. Njoo na wewe. Nimechoka na chapati za hoteli, zile ngumu kama viraka vya tairi.

Baba yako mzee

Gitothua, 16 Machi

Baba,

Salamu nyingi. Natumai goti limepoa. Sisi tuko sawa, maji hayatoki.

Sikutaka kukujibu kwa hasira, kwa hivyo niliuliza kadi. Zinaitwa taroti, nimejifunza kwa simu. Si uganga, ni kujitazama moyoni. Niliuliza: kwa nini siwezi kukubali jambo hili? Ya kwanza, yaliyopita: Mama wa Mavuno, ametokea kichwa chini. Huyo ni mama, na hata mwaka haujaisha. Ya pili, ya sasa: Malkia wa Upanga. Huyo ni Kavindu, anakuja kukata. Ya tatu, yajayo: mtu wa joho jeusi akilia juu ya vikombe vilivyomwagika. Huyo ni wewe ukishamwoa.

Sitakuja. Nakutumia picha zake ujionee.

Binti yako

Ngoliba, 30 Machi

Mwaitu,

Salamu nimepokea, pamoja na hawa watu wako wa karatasi. Wote wazima. Mchungaji akinikuta nao nitamwambia ni wa shule ya Jumapili. Macho yake ni mabaya kuliko yangu.

Sasa sikia usomaji wa mtu wa darasa la nne. Uliuliza juu ya moyo wako, halafu karata zikakujibu juu ya Kavindu? Huyo malkia amekaa wima, mdomo ameufunga, mkono ameunyoosha lakini hapeani kitu. Mimi nilishamwona, kaburini kwa mama yako. Alikuwa amevaa sweta yako ya kijani.

Na huyo wa joho, ndiyo, vikombe vitatu vimemwagika. Lakini nyuma ya mgongo wake viwili vimesimama, na hukuviandika. Geuka tu, mwaitu. Njoo hata kama umenuna. Nunia hapa.

Baba yako

Gitothua, 13 Aprili

Baba,

Natumai hujambo. Nilisoma nikacheka, halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka. Labda upanga ni wangu. Ijumaa Kuu nitavuta kadi moja tu. Ikisema niende, nitapanda gari ya asubuhi.

Mtoto wako

Ngoliba, 27 Aprili

Wavinya,

Sikuulizi hali. Mwenye karata anaijua yake na ya wengine. Goti lipo.

Jumamosi ya Pasaka Kavindu alifika mapema na gauni lake la kwaya. Alikaa kwenye benchi ya nje, begi mapajani. Nikamwambia karibu ndani. Akasema, "Namngoja mwenye nyumba." Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akanicheka kidogo. Kivuli kilipohama tulihama nacho, na benchi yetu. Jioni akasimama, akapangusa gauni. "Maluki," akasema, "msichana hajapotea njia. Amejibu." Akarudi kwao. Sasa naye hashiki simu yangu. Mmefanana.

Sijui ulivuta karata gani, na usiniambie. Ukiuliza karatasi kama utakuja kwa baba yako, hata ikikubali, nitakuwa nimetembelewa na karatasi.

Picha zako nakurudishia, ila ya vikombe nimebaki nayo. Siku ile nilikuwa nimemimina vikombe viwili vya chai mezani, chako na chake. Vingali vimesimama pale, na nzi wamo ndani. Sufuria imefunikwa vile mama yako aliiacha. Mutie nimemwambia asipite kwako kuchukua jibu. Abebe nyanya tu.

Maluki, baba yako